Umepunguza Mafuta, Umeweka Nini Mahali Pake?

Maswali ya wasomaji: mafuta, wanga na moyo

Toleo lililopita tulijibu swali dogo tu kuhusu samli, na barua zikamiminika. Nusu ya walioandika wanaogopa mafuta, nusu wanaogopa ugali, na kila upande una jirani aliyepona kwa kuacha kimojawapo. Tumechagua zile zinazogusa wengi.

SWALI: Shikamooni. Huku kwetu wazee walikunywa maziwa na kula nyama na mafuta yake, wala hatukusikia mtu kaanguka kwa moyo. Leo tunaambiwa mafuta yanaziba mishipa. Nimesikia pia kwamba habari hii yote ni ya profesa mmoja Mmarekani aliyechagua nchi zilizomfaa akaziacha nyingine. Ukweli ni upi?
Msomaji, Monduli

JIBU: Marahaba. Tuanze na wazee wenu, maana wamechunguzwa zaidi ya mnavyodhani. Daktari Mmarekani George Mann na wenzake waliwapima Wamasai wa Tanganyika, na mwaka 1964 wakachapisha walichokiona: maziwa na nyama kwa wingi, kolesteroli ya chini, dalili za ugonjwa wa moyo kwa nadra. Wapenzi wa mafuta huishia kusoma hapo. Mwaka 1972 Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokwisha kufariki. Ukuta wa ndani wa mishipa ya moyo ulikuwa umenenepa sawa na wa wazee wa Kimarekani. Kilichowasaidia ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kushinda ule unene, damu ikaendelea kupita. Mann alikisia kwamba ni kazi ya miili iliyozoea kutembea na kukimbia. Kwa hiyo mafuta hayakuwapita bila kuacha alama.

Sasa vukeni Ziwa Victoria. Waganda wa miaka hiyohiyo walikula matoke, viazi vitamu, maharage na karanga, yaani wanga kwa wingi na mafuta kidogo. Mshtuko wa moyo ulikuwa adimu kiasi kwamba mwaka 1956 Hugh Trowell, aliyekuwa daktari katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliripoti mgonjwa mmoja Mwafrika kama jambo la kuandikwa kwenye jarida. Mwaka 1959 Shaper na Jones waliwalinganisha Waafrika na Waasia wa Kampala: Waasia, waliokula mafuta mengi zaidi, walikuwa na kolesteroli ya juu na ugonjwa wa moyo usio nadra hata kidogo.

Majirani wawili, Wamasai na Waganda, vyakula kinyume kabisa, na wote wawili hawakuwa wakifa kwa moyo. Walichofanana ni vile ambavyo havikuwapo: sukari ya kila chai, unga mweupe, soda, vitumbua vya barabarani, na kukaa kwenye kiti kutwa. Ndiyo maana swali la “mafuta au wanga?” halina jibu kabla ya kuuliza mafuta gani, wanga gani, na ukitoa kimoja unaweka nini.

Kuhusu profesa. Huyo ni Ancel Keys, na kisa chake husimuliwa kwa kuchanganya kazi mbili. Mwaka 1953 alichora mchoro wa nchi sita, mafuta yanayoliwa upande mmoja na vifo vya moyo upande mwingine. Mwaka 1957 Yerushalmy na Hilleboe walimkosoa kwa kuonyesha takwimu za nchi 22, ambazo uhusiano wake ulikuwa dhaifu zaidi. Uchunguzi wake maarufu wa nchi saba ni kazi nyingine, ulianza 1958, na uliwafuata watu halisi kwa miaka mingi. Una udhaifu wake, kwa sababu kuangalia watu wanakula nini si sawa na kuwafanyia jaribio, lakini si uongo. Kama mnatafuta aliyelipwa, mwaka 2016 zilichapishwa nyaraka zinazoonyesha kwamba chama cha wenye viwanda vya sukari Marekani kiliwalipa watafiti wa Harvard dola 6,500 kwa makala ya mwaka 1967 iliyoelekeza lawama kwenye mafuta na kuipunguzia sukari.

Ushahidi wa leo si wa Keys peke yake. Muhtasari wa majaribio 15 uliochapishwa na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, mwaka 2020 ulionyesha kwamba kupunguza mafuta mgando (yale yanayoganda yakipoa: samli, siagi, shahamu) kwa miaka miwili au zaidi kunapunguza matukio ya moyo na kiharusi kwa takriban asilimia 17. Idadi ya vifo, kwa muda huo, haikubadilika sana. Na mwaka 2015 uchunguzi mkubwa wa wauguzi na wahudumu wa afya Marekani ulijibu lile swali la badala yake. Ukiondoa mafuta mgando yanayotoa asilimia 5 ya nishati ya siku ukaweka mafuta laini kama ya alizeti na soya, hatari ya moyo inahusishwa na kushuka kwa asilimia 25. Ukiweka nafaka isiyokobolewa, asilimia 9. Ukiweka unga mweupe na sukari, hakuna faida inayoonekana. Hapo ndipo kizazi kizima cha Marekani kilipopotea: siagi ikatoka mezani, biskuti “zisizo na mafuta” zikaingia.

Mtu akiwaletea ule uchunguzi wa nchi 18 wa mwaka 2017, uliosema wanga mwingi unaua kuliko mafuta, msimkatalie, ila mwambieni mambo mawili. Hatari ilionekana kwa wanaopata zaidi ya asilimia 60 hivi ya nishati yao kwenye wanga, na wengi wao walikuwa watu wa kipato kidogo wanaoshindia wali mweupe au mkate. Tena uhusiano ulikuwa na vifo kwa jumla, si na mshtuko wa moyo.

SWALI: Mume wangu kapimwa, kolesteroli iko juu, daktari kamwambia aache nazi. Kwetu wali bila nazi ni wali wa mgonjwa. Mtandaoni nako wanasema mafuta ya nazi ni dawa ya moyo. Nimwamini nani?
Mama wa watoto watatu, Tanga

JIBU: Dada, daktari ana hoja, ila “aache” ni neno zito kuliko inavyohitajika. Piga hesabu nasi.

Nazi moja iliyokomaa ina nyama ya gramu 300 hivi. Theluthi moja ni mafuta, yaani gramu 100, na karibu 90 kati ya hizo ni mafuta mgando. Ukikuna kwa mbuzi na kukamua kwenye kifumbu mara mbili, mengine hubaki kwenye chicha. Tuseme theluthi mbili zinaingia sufuriani: gramu 60 za mafuta mgando. Gawanya kwa watu sita, kila sahani imebeba gramu 10. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni gramu 22. Wali peke yake umeshachukua karibu nusu. Sasa juu yake kuna mchuzi wa samaki wa nazi, na usiku maharage ya nazi. Tayari ni gramu 30, hatujagusa nyama wala maziwa.

Kwa hiyo weka nazi kwenye chungu kimoja tu kwa siku. Siku ya mchuzi wa nazi, wali upikwe kwa maji, chumvi kidogo, iliki na mdalasini. Siku ya wali wa nazi, mchuzi uwe wa nyanya, ndimu au ukwaju. Kwa wali wenyewe nusu nazi inatosha kilo moja ya mchele ukiupika kwa utaratibu huu: chemshia mchele kwa tui la pili, lile jepesi, na lile la kwanza tia vijiko vinne au vitano vya chakula maji yakiwa yamekaribia kukauka, ndipo upalie. Harufu inayomfanya mtu aseme “wali wa nazi” hutoka kwenye tui la mwisho, halijakaa motoni muda mrefu. Anayemwaga tui zito tangu mwanzo hupoteza harufu na kubaki na mafuta, halafu anaongeza tui.

Kwenye mchuzi, tui likikatika watu hudhani halikutosha. Limekatika kwa sababu ya moto mkali na kufunikwa. Acha wazi, moto mdogo, pandisha na kushusha upawa mpaka lianze kuchemka, kisha ipua.

Na hiyo “dawa”? Mwaka 2020 majaribio 16 yalijumlishwa pamoja. Mafuta ya nazi, yakilinganishwa na mafuta ya mimea yasiyo ya kitropiki kama alizeti, yalipandisha LDL, ile kolesteroli mbaya, kwa wastani wa 0.27 mmol/L (kipimo cha maabara cha kolesteroli kwenye damu). Yalipandisha pia HDL, ile inayoitwa kolesteroli nzuri, kwa 0.10, na hilo ndilo linalotangazwa. Lakini dawa zilizobuniwa kupandisha HDL hazikuwaokoa wagonjwa wa moyo, kwa hiyo hatuna sababu ya kuifanyia sherehe. Watakutajia pia visiwa vya Pukapuka na Tokelau katika Pasifiki, watu wa nazi na samaki wasio na ugonjwa mwingi wa moyo. Ni kweli, na wa Tokelau, waliokula nazi zaidi, walikuwa na kolesteroli ya juu kuliko wa Pukapuka.

Kukaangia ni rahisi kubadilisha kuliko tui. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi kina gramu 11 au 12 za mafuta mgando, samli 8 hivi, mawese karibu 7, alizeti moja na nusu. Kalori ni karibu zilezile, 120 kila kijiko, basi usije ukamimina alizeti kwa ukarimu ukidhani ni maji. Na kama amepewa vidonge vya kushusha kolesteroli, asiviache eti kwa sababu mmepunguza nazi.

SWALI: Nina miaka 46. Majibu ya maabara: kolesteroli jumla 6.2, LDL 4.1, HDL 1.0, trigliseraidi 2.4, zote mmol/L. Rafiki mmoja kaniambia niache mafuta, mwingine niache wanga. Nifuate nani?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Karatasi yako inasema wote wawili wana nusu ya jibu, na ni karatasi nzuri ya kujifunzia.

LDL yako huenda haikupimwa moja kwa moja, ilikokotolewa. Chukua jumla 6.2, toa HDL 1.0, toa trigliseraidi (mafuta yanayozunguka kwenye damu) iliyogawanywa kwa 2.2 (2.4 ÷ 2.2 ni 1.1), unabaki na 4.1. Kanuni hiyo haifai trigliseraidi ikizidi 4.5. Pia toa HDL kwenye jumla: 5.2. Hiyo ndiyo kolesteroli yote inayoweza kuingia kwenye kuta za mishipa, na kwa mtu mwenye trigliseraidi ya juu inaeleza zaidi kuliko LDL peke yake.

Trigliseraidi 2.4 (tunataka chini ya 1.7) pamoja na HDL ya chini ni alama ya sukari, unga mweupe, pombe na kitambi. Ini likipokea sukari kuliko linavyohitaji, huigeuza mafuta na kuyasafirisha kwenye damu. Hapa rafiki wa pili yuko sahihi. LDL 4.1 ni habari nyingine: mafuta mgando hulifanya ini lipunguze milango ya kunyakua LDL kutoka kwenye damu, ikabaki inazunguka. Hapo yuko sahihi rafiki wa kwanza.

Anza na vinywaji, maana huko kuna faida ya haraka. Soda ya mililita 300 ina gramu 32 hivi za sukari, vijiko vinane vya chai. Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vinakupa gramu 48. Ukikata hivyo viwili na pombe, trigliseraidi inaweza kushuka ndani ya wiki chache. Kisha badilisha sembe kwa dona na punguza bonge lenyewe. Gramu 250 za unga kwa mlo mmoja ni kama gramu 190 za wanga, na wanaume wengi hula hivyo bila kushtuka. Jaza nafasi kwa maharage, dengu au kunde. Gramu 130 zilizopikwa kwa siku zinashusha LDL kwa takriban asilimia 5. Ngozi ya kuku na mafuta ya nyama choma acha kwenye ubao.

Rudia kipimo baada ya wiki 8 hadi 12, maabara ileile. Si lazima ufunge kula, lakini kama cha kwanza ulifunga, funga tena, la sivyo utalinganisha vitu viwili tofauti. Usipime ukiwa umetoka tu kuugua malaria au homa kali: LDL na HDL hushuka na trigliseraidi hupanda kwa muda, na utajipongeza bure. Chakula peke yake mara nyingi hushusha LDL kwa asilimia 10 hadi 15, kwako kama 3.5 hadi 3.7. Ikibaki palepale, mwombe daktari apime tezi ya shingo. Mwenye 4.9 na kuendelea aulize habari za ukoo, maana kiwango hicho mara nyingi hurithiwa, na hakuna maharage yatakayokimaliza.

Presha yako hukuitaja. Ipime, kwa sababu ndiyo inayotangulia katika kuleta kiharusi. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyomo kwenye vidonge vya mchuzi, isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai.

SWALI: Nauza chipsi. Mafuta yamepanda bei, kwa hiyo naongeza mapya juu ya ya jana. Mteja mmoja kasema nawaua watu. Ni kweli?
Muuza chipsi, Dodoma

JIBU: Hujaua mtu, ila mchanganyiko huo unakula mafuta yako mapya. Mafuta yaliyochoka huanzisha uharibifu kwenye mapya, kwa hiyo lita uliyoinunua leo inazeeka kabla ya jioni. Ni hasara kwako kwanza.

Mafuta huharibiwa na maji, chumvi, chembe zilizoungua, kutu ya karai na moto uliopitiliza. Kausha viazi kwa kitambaa baada ya kuvisuuza. Chumvi itiwe kwenye beseni, isinyunyizwe juu ya karai. Kadiria sehemu moja ya viazi kwa sita za mafuta. Ukijaza kupita hapo, joto linaanguka na viazi vinayanywa mafuta badala ya kukaangika. Joto zuri ni nyuzi 175 hadi 180. Bila kipimajoto, tupa kipande kimoja: kikizama na kutulia, bado; kikipanda mara moja huku kimezungukwa na mapovu, tayari; mafuta yakitoa moshi, umepita. Ukimaliza siku, yakipoa chuja kwa kitambaa safi, funika, weka mbali na jua. Yakitoa povu lisilokufa, yakifuka moshi kwenye joto la kawaida au yakivutika kama asali, mwaga.

Alizeti ya kawaida huchoka mapema karaini kuliko mafuta laini ya mawese. Mawese hukaa zaidi, lakini yana mafuta mgando mengi. Hapo hakuna mshindi kamili, na hatutajifanya yupo. Ila mafuta magumu ya kopo soma lebo kwanza: ukiona maneno “partially hydrogenated”, yaani mafuta yaliyogandishwa kiwandani kwa hidrojeni, yaache dukani. Hayo ndiyo mafuta ambayo hakuna upande wowote wa ubishi huu unaoyatetea.

SWALI: Nina kisukari, natumia metformin na glibenclamide. Kikundi cha WhatsApp kinanihimiza niache wanga wote kuanzia Jumatatu, nile nyama, siagi na mayai. Nianze?
Bibi, Mombasa

JIBU: Shikamoo bibi. Jumatatu usianze. Kupunguza wanga kunaweza kushusha sukari na trigliseraidi, hilo hatulipingi. Lakini glibenclamide hulazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala wanga, na sukari inaweza kuanguka ukiwa usingizini. Dozi ipunguzwe na daktari kabla ya sahani kubadilika. Wanaotumia insulini wana hatari hiyohiyo. Wenye dawa ambazo jina lake linaishia na “gliflozin” wana nyingine: asidi inaweza kujaa kwenye damu hata sukari ikiwa ya kawaida.

Ukitokwa na jasho la baridi na kutetemeka, au kipimo cha sukari kikiwa chini ya 4 mmol/L, kunywa maji yenye vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari, subiri dakika 15, pima tena.

Wala si lazima uende mwisho wa njia. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwafuata watu 609 kwa miezi 12, wengine mafuta kidogo, wengine wanga kidogo. Matokeo yalitoka 2018: walipungua kwa wastani wa kilo 5.3 na 6.0, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Hao hawakuwa wagonjwa wa kisukari, lakini makundi yote mawili yaliambiwa yaache sukari na unga mweupe, na hilo linakuhusu. Nusu ya sahani yako iwe mchicha, bamia au kabichi, robo samaki au maharage, robo ugali wa dona au muhogo. Siagi ya kikundi iache. Watu wengine LDL yao hupaa kwa chakula hicho, na hawajui kwa sababu wanapima sukari tu.

KWA UFUPI

Yai moja kwa siku? Kwa mtu mwenye afya, halina neno. Lina gramu 1.6 tu za mafuta mgando. Chipsi mayai si swali la yai.

Ugali wa kiporo una wanga mdogo? Ukipoa, sehemu ndogo ya wanga inakuwa ngumu kumeng’enywa. Ni kidogo, bonge likiwa lilelile, usitegemee kuiona kwenye kipimo.

Kahawa ya kijiweni inapandisha kolesteroli? Ndiyo, ile ya kuchemshwa kwenye dele bila kuchujwa ina mafuta ya kahawa yanayopandisha LDL. Vikombe viwili vidogo si kitu. Anayekunywa siku nzima na LDL yake iko juu achuje kwa karatasi, maana kuacha machicha yatulie chini hakuyaondoi mafuta hayo, au anywe ya unga wa kukoroga.